Acha Manganizi Ijipange

"Shikamoo dada. Nikipata nafasi ya masomo Ulaya, nianze na mashine gani ili nitengeneze tabaka la sumaku juu ya kihami topolojia?"

Ujumbe huu kutoka kwa kijana wa Morogoro umenikuta na furaha, maana sampuli yetu imetoa pengo la nishati, yaani kiwango cha nishati ambacho elektroni haziwezi kukaa, tulilolisaka kwa muda mrefu. Kwa hiyo, mdogo wangu, nitasema mengi.

Unajua tayari kwamba kihami topolojia hakipitishi umeme ndani, ila usoni kinapitisha. Ukiingiza usumaku pale usoni, pengo linafunguka na umeme unabaki kukimbia ukingoni, upande mmoja tu, bila kupotea. Sote tuliohangaikia uwanja huu tunaitaka hiyo. Swali ni usumaku unauingizaje.

Kundi la Xue Qikun, Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, mwaka 2013 lilichanganya kromiamu ndani ya filamu, yaani utando mwembamba sana, ya bismathi, antimoni na teluriamu. Wakauona huo umeme wa ukingoni, yaani athari ya Hall ya kwanta, bila uga wa sumaku kutoka nje. Kazi kubwa, sina neno. Lakini walishuka hadi baridi ya milikelvini 30, karibu kabisa na sifuri halisi, kwa sababu, pamoja na mengine, kromiamu hutawanyika ovyo: hapa tele, pale haba.

Mimi nilipofika Ujerumani nilipewa njia nyingine, kufunika filamu kwa sumaku ya europiamu na salfa. Nikasema kikaoni kwamba elektroni za usoni zitagusana kidogo mno na sumaku iliyolala juu yake. Mkubwa mmoja akanijibu mbele ya watu nikajifunze kwanza kusafisha vyombo vya maabara. Vyombo nilisafisha. Maneno yale bado ninayo.

Njia niliyoipenda ni ile ya Toru Hirahara na wenzake, Japani, mwaka 2017. Walipeleka manganizi na seleniamu juu ya fuwele ya bismathi na seleniamu, ambayo hujengwa kwa matabaka ya atomi tano tano: seleniamu, bismathi, seleniamu, bismathi, seleniamu. Manganizi haikubaki juu. Ilizama na seleniamu yake hadi katikati ya tabaka la kwanza, tano zikawa saba, manganizi ikiwa moyoni. Hakuna aliyeisukuma! Sumaku ikawa sehemu ya fuwele yenyewe, na pengo likafunguka pana.

Ndugu yake wa teluriamu, fuwele ya manganizi, bismathi na teluriamu, alitangazwa 2019. Usumaku wake hujipanga chini ya kelvini 24 hivi, kila tabaka likielekea kinyume na jirani yake. Ndiyo maana idadi witiri ina faida: mwaka 2020 kipande cha matabaka matano kilionyesha athari ile ile kwa kelvini 1.4. Linganisha na milikelvini 30.

Sasa ushauri, na ni ule ule nitakaourudia: shughulikia msingi, yaani ile filamu ya bismathi na seleniamu. Vijana wengi wana haraka ya manganizi. Kabla hujafungua tanuri lake, tazama skrini ya miale ya elektroni inayopiga sampuli kwa mlazo. Ukiona milia myembamba, mirefu, iliyonyooka, uso ni tambarare. Ukiona vidoadoa, una vichuguu. Usiendelee, hata kama msimamizi amesimama nyuma yako anaangalia saa. Seleniamu iwe nyingi, mara kumi ya bismathi au zaidi, maana ikipungua inaacha mashimo yanayomwaga elektroni ndani ya kitu ulichotaka kiwe kihami. Joto nalo lipande taratibu. Likizidi, seleniamu inaruka. Likipungua, manganizi inakaa juu bila kuzama. Halafu rudi tena kwenye msingi. Nimewaona watu wenye mashine za fahari wakiharibu filamu kwa kukosa subira, kisha wanalaumu nadharia.

Mashine yoyote ya ombwe kuu, yaani chumba kilichoondolewa hewa karibu yote, yenye matanuri matatu (la bismathi, la seleniamu na la manganizi) yanayodhibitika vizuri inakutosha.

Ukienda kupima kwenye sinkrotroni, kituo kikubwa kinachozalisha miale mikali ya kupimia, funika filamu kwa seleniamu tupu kabla ya kuitoa nje kwenye hewa, kisha uifukuze seleniamu hiyo kwa joto ukishafika ndani ya ombwe lao. Tengeneza vipande viwili siku moja, kimoja ukitumie kutafuta joto la kufunua. Ukiunguza kile cha pekee, siku ulizopewa pale zitaisha ukiwa unatazama skrini tupu, na foleni ya kuomba nyingine ni ndefu.