Msitoe "Jogoo Sehemu ya Pili"!

Usiutoe huo wimbo, mdogo wangu. Nimesoma ulichoandika mara mbili: bendi yenu ya soca, muziki wa dansi wa Trinidad, hapo Toronto imepata kibao cha jogoo, kila sherehe watu wanawika nacho, na promota anataka mwendelezo kabla ya karnivali ya Agosti. Ukauliza studio ipi, na mapato mgawane vipi. Subiri kwanza.

Nilikuwa mpiga ngoma katika bendi ya Watrinidadi mji huohuo. Kibao chetu kilikuwa cha shemeji anayekuja harusini na mabakuli matupu mkobani. Watu waliinua sahani juu! Promota wetu akasema watu wanataka kilekile, basi tukamrudisha shemeji, safari hii na sufuria. Dola 14,000, akiba ya kiangazi kizima, zikaishia kwenye video na nguo za wapishi. Kibaya zaidi, tuliweka kando nyimbo tatu alizotunga mpiga ngoma za chuma wetu. Akaondoka, na mlio wetu ukaondoka naye. Siku ya karnivali watu walisikia midundo minne ya kwanza wakapiga kelele, wakidhani ni ule wa mabakuli. Walipogundua siyo, mikono ikashuka. Niliiona ikishuka, safu kwa safu. Na mtu asinisingizie mvua, hakukuwa na hata wingu! Yule promota alishachukua chake kabla hatujapanda jukwaani. Sijamsamehe mpaka leo.

Watazame Baha Men, bendi ya Nassau, Bahamas. Walianza 1977 wakiitwa High Voltage, wakapiga junkanoo miaka na miaka: ngoma za ngozi ya mbuzi, kengele za ng'ombe, filimbi, muziki wa gwaride la barabara ya Bay Street usiku wa kuamkia 26 Desemba na Mwaka Mpya. Mwaka 2000 wakatoa "Who Let the Dogs Out". Namba 2 Uingereza, namba 1 Australia, Grammy mwaka uliofuata. Lakini wimbo haukuwa wao. Anslem Douglas wa Trinidad aliutoa 1998, akiwakemea wanaume wanaotukana wanawake sherehani. Na walipotaka kuufuatisha, walitoa "You All Dat", wakaazima tena: safari hii sauti ya "The Lion Sleeps Tonight", ambayo nayo inatokana na "Mbube" ya Solomon Linda wa Afrika Kusini, 1939. Kutoka mbwa hadi simba, na vyote vya watu! Haukukaribia mafanikio ya ule wa kwanza. Inaniuma, kwa sababu junkanoo walikuwa nayo mikononi.

Wimbo wa pili utoke kwenye ngoma zenu wenyewe. Umetaja nyimbo mbili zenu mlizoacha kufanyia mazoezi tangu jogoo awike. Zipigeni Jumamosi hii, mwanzoni kabisa, kabla watu hawajaanza kumdai jogoo. Kisha uniambie ni upi uliowainua vitini.