Friza ya Kulala Kuwa Kitoa Bia: Toboa Mbao, Usitoboe Friza

Anayetaka bia ya bomba nyumbani kwake hapa Kampala hana haja ya kununua mtambo wa baa. Friza ya kulala, ile inayofunguka kwa juu, inatosha, na kwa maoni yangu inaishinda friji ya kusimama, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hubaki chini hata mfuniko ukifunguliwa. Umeme unapokatika, pipa lililojaa hukaa na ubaridi wake humo kwa saa nyingi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mwili wa friza usitobolewe. Ndani ya kuta zake hupita mirija ya gesi ya kupozea, nayo haionekani kwa nje. Drili ikiigusa, friza imekwisha. Badala yake tengeneza fremu ya mbao ikae kati ya mwili na mfuniko, na mabomba ya kumiminia bia (koki), mrija wa gesi ya kaboni dayoksaidi inayosukuma bia, pamoja na waya wa kipimajoto vipitie humo. Mimi nilinunua mvule huko Ndeeba, hapa Kampala, mbao za inchi 8 kwa 2, kwa sababu mvule hustahimili unyevu. Msonobari ni wa bei nafuu, lakini sharti upakwe vanishi pande zote, hata kingo zilizokatwa. Kabla seremala hajashika msumeno, mpe vipimo vya pipa pamoja na viungio vya juu yake: pipa la lita 19 lina kimo cha sentimita 63 hivi.

Wapo wanaoifunga fremu kwenye mwili wa friza. Mimi naifunga kwenye mfuniko, ili mabomba yanyanyuke pamoja nao na mtu asilazimike kulipitisha juu ya mbao pipa lenye uzito wa zaidi ya kilo 20. Bawaba hufungwa nyuma ya fremu kwa skrubu ndefu, sehemu ya juu huzibwa kwa silikoni, na chini ya fremu hubandikwa utepe wa sponji wa kuzibia milango. Washa tochi ndani ya friza usiku, funga, kisha uzunguke ukitazama. Mwanga unapopenya, joto nalo litapenya.

Friza imeundwa kugandisha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa hiyo lazima iongozwe na kidhibiti joto cha nje kinachokata umeme. Kiweke kwenye nyuzi 3 au 4 za Selsiasi. Kihisi chake kibandikwe ubavuni mwa pipa na kufunikwa na kipande cha sponji, kwa maana kikining'inia hewani kompresa itawaka na kuzima bila kupumzika. Chagua kidhibiti chenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika 3 au zaidi, kwani umeme unaorudi na kukatika tena papo hapo huua kompresa. Feni ndogo ya kompyuta, ikipuliza kutoka chini kwenda juu, huyapoza mabomba na kupunguza povu la glasi ya kwanza.

Povu likizidi, wengi hukimbilia kupunguza gesi. Majedwali ya shinikizo huandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari, ilhali Kampala iko mita 1,200 hivi juu yake, ambako hewa ni nyepesi. Kwa hiyo bia ambayo pwani ingehitaji psi 12 (psi ni kipimo cha shinikizo la gesi) katika nyuzi 4, hapa huhitaji 14 hivi ili ibaki na gesi ile ile. Ukipunguza, gesi hutoka ndani ya bia na kuwa mapovu mrijani. Dawa ya povu ni ubaridi na urefu wa mrija: anza na mita 3 za mrija wenye tundu la milimita 5, na usikate mpaka uonje.

Gesi ya kaboni dayoksaidi iwe ya matumizi ya chakula, na mtungi usimame wima ukiwa umefungwa. Kagua kila kiungio kwa maji ya sabuni. Gesi hii haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hujaa humo kama maji kwenye beseni. Fungua mfuniko na uache hewa iingie kabla ya kuinama ndani, na watoto wasikaribie kabisa.

Mirija ioshwe kwa dawa yake kila wiki 2 na kusuuzwa kwa maji safi, na koki zifunguliwe zisuguliwe kwa brashi, maana ladha ya siki huanzia hapo.