Fundi mitambo, anza na amplifaya za magitaa kabla ya monita

Kumbi nyingi hapa Tabora zina sakafu ya saruji, kuta tupu na bati juu. Kila sauti inayotoka inagonga na kurudi jukwaani. Kwa hiyo wewe unayeanza kazi ya mitambo, usifungue monita (spika za jukwaani zinazomsikilizisha mwimbaji sauti yake) kabla magitaa hayajatulia.

Mpiga solo akiweka amplifaya sakafuni nyuma yake, makali ya spika ya inchi 12 yanapita usawa wa magoti na kumchoma mtu wa meza ya mbele. Mwenyewe anasikia sauti butu, anaongeza trebo, kisha anaongeza sauti. Wa rizimu naye anapandisha ili amfikie, mwimbaji anadai monita, maiki inapiga mluzi. Inua amplifaya juu ya kreti la soda au ilaze kidogo kwa nyuma, spika itazame masikio ya mpigaji. Atapunguza bila kubembelezwa. Amplifaya kubwa zaidi si dawa: kutoka wati 30 kwenda 60 unapata desibeli 3 tu.

Solo na rizimu wakae upande mmoja wasikilizane bila monita, maana kwenye dansi magitaa hujibizana, na huu ni mji wa bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Wazee wanasikia gitaa likichelewa. Besi akae jirani na drams.

Kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), monita zitoke kwenye oksi, yaani njia ya pembeni ya sauti, isiyofuata feda, kile kitelezi cha sauti ya ukumbi. La sivyo, kila ukimrekebisha mwimbaji kwa ajili ya ukumbi, monita yake nayo inabadilika. Ndani yake tia waimbaji kwanza. Gitaa linalosikika tayari jukwaani usilirudishe.

Mahali pa kuiweka panategemea maiki. Shure SM58 ni kiziwi zaidi mkiani, upande wa waya, basi monita ikae mbele ya mwimbaji, ikitazama mkia huo. Beta 58A ina uziwi wake pembeni kwa nyuma, kama digrii 120 kutoka mdomoni. Isogeze monita kando, au weka mbili, kulia na kushoto. Mwimbaji anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja anaharibu hesabu yote. Mwambie mapema, kwa heshima.

Kabla watu hawajaingia, pandisha monita polepole mpaka ianze kulia. Mlio mzito wa "huu" mara nyingi uko kati ya hezi 250 na 500. Mluzi unaochoma, kati ya 2,000 na 4,000. Punguza hapo desibeli 3 hadi 6 kwenye ikwalaiza ya monita, rudia mara mbili tatu, kisha acha. Ukikata kila mahali sauti inakufa, na mwimbaji ataomba iongezwe tena.

Umeme wa mikisa na amplifaya zote utoke chanzo kimoja, kwani soketi za mbalimbali huleta mngurumo. Kuna wanaokata pini ya ethi (ya waya wa usalama uendao ardhini) ili mngurumo uishe. Usikate kamwe, wala usimruhusu mtu! Mpigaji ameshika nyuzi, mdomo unagusa maiki. Hitilafu moja tu inapitisha volti 230 mwilini mwake. Badala yake, kama besi imepita kwenye diai boksi (kisanduku kinachopeleka sauti ya gitaa kwenye mikisa), bonyeza swichi yake ya kutenganisha ethi ya sauti.

Amplifaya ya taa (ya valvu za kioo) usiiwashe bila spika, transfoma yake inaweza kuungua. Na kutoka amplifaya kwenda spika tumia waya wa spika. Wa gitaa ni mwembamba, unapata moto.