Magazini ilinibadilishia ordinateri, na hivi njo nilifanya

Tangu niseme kama walinibadilishia ordinateri, WhatsApp yangu haipumui. Wote munauliza kitu kimoja: walikubali aje? Basi nawajibu wote hapa.

Niliinunua mpya, ndani ya karto yake, garanti mwaka 1 imeandikwa kwenye fakitire. Kazi yangu ni kusezisha memware za wanafunzi, kuandika kwa mashini kazi zao za mwisho wa masomo, bila mashini sikule. Ikaanza mchezo: unafungua, unaandika kidogo, ekra inakuwa bluu, inazima yenyewe. Napeleka kwenye magazini, wanaweka Windows upya. Inarudilia. Napeleka, Windows upya tena! Hawa watu kila ugonjwa dawa yao ni moja.

Mwishowe patro wa magazini akaniambia mbele ya bakiliya: “Yaya, hiyo ni kuran ya SNEL, garanti haiingie.” Kuran mbaya ya SNEL, kampuni ya umeme, hapa Lubumbashi tunaijua sote, lakini yangu ilikuwa inazima hata kwa batri peke yake. Nikaiwasha pale pale, chaja iko ndani ya saki. Tukangoja. Bluu. Patro akaanza kupanga bik zake kwenye meza.

Hapo njo nikatoa makaratasi. Kila mara napeleka nilikuwa nakataa kuiacha mpaka waandike tarehe, namba ya seri, ugonjwa, na watie tampo. Kijana wa atelye alikuwa ananuna, “mama tunakujua”, hapana, andika. Zote zilisema ekra bluu. Kama ugonjwa ni ule ule na Windows wamebadilisha kila mara, si kasoro iko ndani ya mashini?

Na jueni, ndugu zangu, garanti si zawadi ya muuzaji. Code civil yetu ya Kongo, kitabu cha sheria, ile dekre ya tarehe 30 julai 1888, inamufunga muuzaji kwa kasoro iliyojificha hata kama yeye hakuijua, na weye mununuzi unachagua: kurudisha kitu upewe feza yako, ao ubaki nacho warudishe sehemu ya bei. Kama alijua akanyamaza, analipa na hasara yako. Lakini kasoro uliyoiona kwa macho siku ya kununua haihesabike, na ukitaka kushitaki usilale, sheria inataka muda mufupi. Yale maneno ya chini ya fakitire, “les marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées”, ni kusema kitu kilichouzwa hakirudishwe wala hakibadilishwe, tunayasoma tunarudi nyumbani na haya, wakati muuzaji aliyeficha kasoro hawezi kujikinga nayo. Tuache haya! Ombeni karatasi, na wakikataa ombeni tena.

Wakaniletea ingine. Patro akasema nitumie fakitire ya zamani, eti ni ile ile tu. Ile ile namna gani na namba ya seri ni ingine? Kesho ikiharibika ataniambia hii hakuniuzia yeye. Nikakaa kwenye kiti mpaka printa ikatoa mpya, tarehe ya siku ile, seri mpya, tampo juu.