Naandika, ila sisomi

Makala hii nimeiandika mwenyewe. Kuisoma ndiyo shughuli. Binti yangu alinisomea kwa sauti, nami nikasahihisha kwa masikio.

Nilikuwa karani wa chama cha msingi huku Tandahimba: korosho zinapimwa, naandika jina na kilo, nakata stakabadhi. Msimu mmoja, ghala limejaa magunia, niliamka kichwa kinagonga. Nikafungua daftari la jana. Mwandiko ni wangu. Kilo nazisoma, 84, 112, lakini majina yote yamegeuka michoro. Jirani akasema nimechezewa, tupite kwa mganga kwanza. Tukapoteza siku nzima. Mtu akishindwa kusoma ghafla, asipoona upande mmoja, mdomo ukipinda au maneno yakigoma, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Kilikuwa kiharusi. Mimi kililetwa na presha, na vidonge niliviacha kwa sababu eti najisikia mzima.

Wodini walinipima mkono, mguu na ulimi, vyote vikawa sawa. Habari ya kusoma hakuna aliyeniuliza, nami kwa aibu nikanyamaza. Basi usingoje kuulizwa. Mpe mgonjwa wako kalamu aandike sentensi moja, kisha baadaye mrudishie aisome.

Daktari mmoja ndiye aliyenitoa hofu ya kurukwa na akili. Alisema mwaka 1892 Mfaransa Joseph Jules Dejerine alieleza habari za mgonjwa wa namna yangu, anayeandika vizuri asiweze kusoma alichoandika. Ubongo wa nyuma upande wa kushoto umekosa damu, na njia ya kuvushia picha za herufi kutoka upande wa kulia imekatika. Maneno yenyewe yapo salama. Nikakumbuka mvua za 2024 zilivyokata barabara ya Dar pale Somanga: mji uko palepale, gari ndiyo haifiki.

Kwa hiyo nikatafuta njia ya kuzunguka, nayo ni kidole. Naichora herufi kwenye kiganja kama mtoto wa chekechea, na mkono unaitambua kabla ya jicho. K, o, ko. R, o, ro. Mpaka korosho nzima itoke, chai imepoa. Halafu kuna kurudia: aya moja ileile, kwa sauti, kila siku kwa wiki nzima, ndipo nahamia nyingine. Inachosha, na wajukuu wanacheka, lakini kasi inapanda. Dakika kumi na tano asubuhi zinanifaa kuliko saa nzima jioni, maana ubongo ukichoka herufi zinaogelea.

Upande wa kulia sioni vizuri, nilikuwa nakatisha mstari katikati. Mke wangu akabandika utepe mwekundu pembeni mwa ukurasa, kulia. Nisipoufikia utepe, mstari haujaisha. Anayepoteza upande wa kushoto abandikiwe kushoto. Na pikipiki niliiacha, hilo halina mjadala.

Si wote wako kama mimi. Mwenzangu wa wodini anasoma, ila akiandika "samaki" inatoka "sakami". Huyo tulimpigia makofi silabi kwa silabi, sa-ma-ki, kila kofi aandike kipande chake. Bahati yetu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, ingawa "ng'ombe" na "mwanywele", neno la kubuni la binti yangu, bado yanamtoa jasho.

Simu: waambie ndugu watume sauti, waache meseji. Ukituma hela, mtu mmoja unayemwamini akusomee jina la mpokeaji. Namba ya siri bonyeza mwenyewe. Vidonge vya asubuhi vifungwe mpira wa rangi moja, vya usiku rangi nyingine.

Kuna wanaonisemesha polepole kama mtoto. Hao nawapigia hesabu ya makato ya kilo mia kichwani, wananyamaza.

Msimu uliopita nilirudi ghalani. Nakaa kwenye mzani, nataja kilo kwa sauti, kijana anaandika majina.