Uliza Tukujibu: Wikendi ya vitabu, msosi na mvinyo kule Franschhoek

SWALI: Dada shikamoo. Kuna rafiki yangu tulisoma wote, sasa hivi anaishi Cape Town, kaniambia mwezi wa 5 niende tukatembee kwenye tamasha la vitabu la Franschhoek, anasema ni wikendi nzima ya waandishi na kula na kuonja mvinyo. Vitabu napenda mpaka mume wangu analalamika taa haizimwi, ila pombe sijawahi kuigusa toka nizaliwe na sitaki kuanza uzeeni. Sasa si nitakuwa kama mtu kaenda harusini na hali pilau? Na kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. (Mama wawili, Tabata)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda, tena kama nauli ipo hata usingoje nimalize kujibu.

Franschhoek ni mji mdogo tu bondeni, milima imeuzunguka, kwa gari toka Cape Town ni kama saa moja hivi. Jina ni la Kiholanzi, maana yake kona ya Wafaransa, kwa sababu mwaka 1688 ndo walianza kufika Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia kuteswa kwao kisa dini, wakagaiwa mashamba, wakapanda mizabibu. Wao na watumwa, hilo husimuliwa kwa sauti ndogo. Watumwa wa Cape walitolewa Indonesia, India, Madagaska, hadi Msumbiji hapo jirani yetu, na kazi ya shamba mikono yao ndo iliifanya, kwa hiyo ukiona majumba meupe mazuri na maua usisahau hilo.

Tamasha lenyewe lilianza 2007, linakuwa katikati ya mwezi wa 5, Ijumaa mpaka Jumapili. Watu wengi wanafikiri ni pati, hapana. Ni mazungumzo, waandishi wawili watatu wanakaa mbele na mtu wa kuwauliza, kama saa moja hivi, wanaongea mapishi, siasa, riwaya, mashairi, halafu watu wanatoka kwenda kusainiwa vitabu. Kila mazungumzo na tiketi yake. Mengine yako ukumbi wa mji, mengine shuleni, mengine kanisani, na yote ni ya kutembea kwa mguu maana mji una barabara kuu moja. Mvinyo hauko kwenye mazungumzo, uko pembeni, kwenye mashamba na migahawa, anayeutaka anaufuata.

Na hata huko shambani hakuna wa kukulazimisha. Sehemu nyingi wana juisi ya zabibu isiyochacha, na hao wanaoonja wenyewe, wale wanaojua kweli, hawamezi! Wanawekewa kidogo chini ya glasi, wanazungusha, wananusa, wanasukutua kama mtu anapiga mswaki halafu wanatema kwenye ndoo iliyowekwa mezani. Mara ya kwanza kuona nilijua mtu kaumwa.

Mimi sikutema, na ndo yaliyonikuta. Mwaka wa kwanza kwenda nilikuwa na tamaa, nikakata tiketi 5 za siku moja, zimebanana hakuna hata nafasi ya kula, mchana nikaona nipite kuonja mara moja tu, tumbo tupu, glasi 6 ndogondogo, huku mhudumu ananiambia hii ina harufu ya pichi, hii ina harufu ya moshi, mimi naitikia tu ndiyo ndiyo, halafu nikaenda kukaa kwenye ukumbi wenye joto, na mwandishi niliyesafiri kwa ajili yake nikamsikia dakika 10 za mwanzo na makofi ya mwisho. Jirani yangu ndo aliniamsha. Kwa hiyo tiketi 2 kwa siku, 3 zikizidi sana, na katikati KULA.

Kiingereza usiogope. Wanaokuja pale ni wasomaji, siyo walimu wa sarufi. Ukitaka kuuliza uliza swali moja fupi ukae, maana hata kule wapo wale wa "mimi sina swali nina mchango", na ukumbi mzima unaguna kama huku kwetu.

Kitu kimoja nikwambie usije kushtuka, utakuta wasikilizaji wengi ni wazungu, tena wa umri. Mwaka 2015 mwandishi Thando Mgqolozana alilisema hilo palepale jukwaani, akasema amechoka kuwa kama kitu cha maonyesho mbele ya watu wale na hatarudi tena matamasha ya aina hiyo. Mwaka uliofuata Abantu, tamasha la vitabu la waandishi na wasomaji weusi, likaanza Soweto, yeye akiwa mmoja wa waanzilishi. Mimi naenda Franschhoek bado, ila naenda nikijua, na nikiona ukumbi haujachanganyika nasema.

SWALI: Assalaam alaykum. Tuko watu watatu, sote twapenda kusoma, twataka kwenda hilo tamasha la Franschhoek lakini hatutaki kurudi tumefilisika. Chakula cha halali kipo? Na tulale wapi? (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Pale mjini wikendi hiyo vyumba vinajaa mapema na bei inapaa, na kwa watu watatu mimi ningelala Paarl au Stellenbosch, ni mwendo wa nusu saa hivi, mkakodi gari mchange. Gari ni lazima maana treni ya abiria hakuna na usiku usitegemee matatu. Kule wanaendesha kushoto kama kwenu. Dereva asionje hata tone, ingawa nadhani kwa nyie hilo siyo tatizo. Mkenya viza huhitaji kwa matembezi ya mpaka siku 90, ila kadi ya njano ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Na jaketi! Mwezi wa 5 kule ni kuelekea baridi, mvua zinaanza, majani ya mizabibu yamegeuka manjano na mekundu, pazuri kwa picha lakini usiku meno yanagongana.

Halali ipo, ila Franschhoek kwenyewe uliza kila mahali, siyo nyama tu, maana sosi nyingi wanatia mvinyo na kwenye menyu hawaandiki. Samaki ni salama zaidi, ukishauliza kapikwa na nini. Siku ya kuondoka mpite Cape Town mtaa wa Bo-Kaap, Waislamu wako pale toka enzi za utumwa na mapishi yao ndo haya. Kuleni bobotie, nyama ya kusaga yenye bizari, juu wanamwaga mayai na maziwa wanaoka. Na tafuteni koesister, donge la unga lenye iliki linachovywa shira halafu linanyunyizwa nazi, mkila mtasema huyu na kaimati baba yao mmoja.

SWALI: Zabibu Dodoma tunazo, mvinyo tunao, watu wa kuandika wapo. Kwa nini lazima twende hadi Afrika Kusini? (Mkulima, Hombolo)

JIBU: Umenibana kaka. Tena nyie mnavuna mara 2 kwa mwaka, wenzenu mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka.

Ninavyoona mimi tofauti siyo zabibu. Kule mkulima hauzi chupa tu, anauza kukaa. Mgeni anakaa chini ya mti wa shamba, anaonyeshwa mapipa, anakula, anasimuliwa, chupa anainunua mwishoni akiwa ameshapapenda. Huku kwetu wengi zabibu inatoka shambani ikiwa kwenye kreti, mnunuzi anapanga bei, mwaka mwingine haji inaozea palepale, na huyo anayekunywa Dar hajui hata mti wake unafananaje.

Usianze na jukwaa na mgeni rasmi, hapo hela yote itaishia kwenye maturubai. Anza na shamba lako, Jumamosi moja wakati wa mavuno, watu 30. Mbuzi mmoja wa kuchoma, ugali wa uwele na mlenda, mtu wa zeze na ilimba maana Wagogo kwa hilo hamna mpinzani, na waandishi wawili wasome walichoandika, mmoja kwa Kigogo kabisa. Ambao hawanywi wawekewe juisi ya zabibu ya baridi. Na ndoo ya kutemea iwepo mezani.

Tarehe ukishapanga niandikie. Nitakuja nimekula.