Kocha mkongwe aondoke lini? Mimi niliambiwa na kipa wangu chini ya mwembe, sikusikia

Wakuu, mtoa mada kauliza: kocha akishakaa klabuni miaka kumi na zaidi, ana heshima yake na makombe yake, atajuaje muda wake umekwisha? Wengi mliotangulia mmejibu kwa matokeo, kwamba akipigwa mechi tano mfululizo afungashe virago. Nabisha. Nabisha kama shabiki wa Arsenal tangu enzi za Highbury, uwanja wetu wa zamani, na kama mtu aliyefundisha timu ya mchangani hapa Temeke kwa miaka 11.

Kocha wetu Arsène Wenger alianza kazi Arsenal Oktoba 1996, akitokea Nagoya Grampus Eight ya Japani. Ligi na Kombe la FA kwa msimu mmoja mwaka 1998, tena 2002, halafu msimu wa 2003/04 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Hayo hata mtoto wa shabiki wa Chelsea anayajua. Kinachosahaulika ni Aprili 2007, David Dein alipoondoka baada ya kutoelewana na bodi. Dein ndiye makamu mwenyekiti aliyepigania Wenger aletwe, ndiye aliyekuwa akihangaikia usajili, na kwa cheo chake na urafiki wao ndiye aliyeweza kukaa naye mezani wakabishana. Baada yake sikuona tena mtu wa namna hiyo pale.

Miaka iliyofuata namtetea Wenger mpaka kesho. Uwanja mpya una deni, Fabregas na Nasri wameuzwa 2011, Van Persie kaenda United 2012 akawapa ubingwa, na bado mzee kila mwaka anamaliza nne bora. Hata zile 8-2 za Old Trafford mwaka 2011 siwezi kumtwisha peke yake.

Lakini 22 Machi 2014, mechi yake ya 1,000, nilikuwa kibanda umiza, kile cha kulipia kuangalia mpira, Mbagala. Dakika ya 17 Chelsea wana tatu, na mwamuzi kamtoa Gibbs kwa kadi nyekundu kwa mpira ulioguswa kwa mkono na Oxlade-Chamberlain. Jamaa mmoja wa Chelsea akanunua karanga akatuzungushia sisi wa Arsenal, mmoja mmoja, kimya, kama yuko msibani. Mabao yaliishia sita. Kilichoniuma ni kwamba tulifungwa vilevile tulivyofungwa ugenini kwa Liverpool na Man City msimu huohuo: mabeki wako juu, kiungo wazi. Kosa lilelile, na benchi zima limetulia.

Miezi miwili baadaye tukachukua Kombe la FA mbele ya Hull, 3-2, tukitoka nyuma mabao mawili. Ukame wa makombe wa miaka tisa ukaisha. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa pale, na akasaini miaka mitatu. Mei 2017 mlango ukafunguka tena: kombe jingine mbele ya Chelsea, kwenye msimu ambao Bayern walitupiga jumla ya 10-2 na ndege zikapita juu ya uwanja wa West Brom, moja na bango la kumtaka aondoke, nyingine la kumuunga mkono. Akasaini miaka miwili. Hakuimaliza. Aprili 2018 akatangaza kuondoka, na tukamaliza nafasi ya sita.

Najua mtaniletea Ferguson wa Manchester United, miaka 26 na ushei. Sawa, lakini tazameni wasaidizi waliokuwa pembeni yake: Knox, Kidd, McClaren, Queiroz, Meulensteen. Kila baada ya miaka michache mazoezi yalikuwa na sauti mpya na yeye anasimama pembeni anaangalia. Pia huyu aliwahi kutangaza kwamba angestaafu mwisho wa msimu wa 2001/02, timu ikayumba, mkewe na wanawe wakamshawishi abaki, na akachukua ligi nyingine sita. Ukihesabu miaka tu, au vipigo tu, hukumu yako ingemtoa mapema mno.

Sasa langu. Siku moja mapumziko tumefungwa moja, tumekaa chini ya mwembe nyuma ya goli. Nikaanza, "Jamani, mpira unachezwa na akili..." Kipa alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Bila kuinua kichwa akamalizia, "...miguu inafuata." Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Nilidhani ni mapenzi. Sentensi ile nilikuwa nimeisema miaka minane.

Msaidizi wangu nilimlea mwenyewe tangu anacheza, ananiita baba. Nani anambishia baba yake mbele za watu? Namba sita wangu goti lilikuwa limekwisha, anavaa soksi mbili kuficha bandeji, mtaa mzima unaona. Nilimpanga kwa sababu alianza kubeba begi la jezi akiwa na miaka 13. Hakuna aliyeniambia neno.

Nikakaa misimu mitatu zaidi. Mbaya zaidi, katikati yake tulishinda mashindano ya mtaani ambayo zawadi ni mbuzi. Yule mbuzi alinipotosha kuliko vipigo vyote. Ndiyo maana Wenger namwelewa: kombe huja likakuambia hukukosea.

Kwa hiyo mtoa mada, jibu langu ni hili: kocha aondoke pale anapokosa mtu wa kumbishia, hata kama anashinda. Na kwa kuwa mwenyewe huwa haoni, hiyo ni kazi ya viongozi, wamwambie uso kwa uso, chumbani, kabla jukwaa halijaanza kuimba. Mimi sikuambiwa. Nilisikia kwa muuza vocha kwamba kocha mpya ameshaonyeshwa uwanja.

Mechi yake ya tatu nilikwenda kuangalia. Winga niliyemng'ang'ania miaka minne hana krosi, kamrudisha beki wa kushoto. Dogo anakaba kama amezaliwa pale. Niliondoka kabla ya filimbi ya mwisho, nikasingizia daladala.

Kurudi kunatamanisha, sidanganyi. Kocha Mfaransa Guy Roux aliaga klabu ya Auxerre 2005 na Kombe la Ufaransa mkononi baada ya miongo zaidi ya minne, akarudi kazini Lens 2007, akaacha baada ya mechi nne za ligi. Nami timu ya mtaa wa pili imeshanipigia mara mbili. Ferguson mkewe alimrudisha uwanjani. Wangu ndiye anayepokea simu, anawaambia nimelala.